Hohner Marine Band 1896: kinanda cha mdomo na noti ambazo kiwanda hakikuzitia

Chukua Marine Band ya ufunguo wa C, bana midomo juu ya tundu la tatu peke yake, kisha vuta pumzi. Inalia B. Endelea kuvuta bila kuongeza nguvu, rudisha ulimi nyuma, legeza taya: sauti inateleza hadi B♭, halafu A, halafu A♭ (alama ♭ ni noti iliyoshushwa nusu toni, yaani hatua ya kibonye kimoja cha piano). Noti hizo tatu za chini hazina kilimi chochote katika sehemu hiyo ya ala. Kiwanda hakikuzitia. Mpigaji ndiye anayezitoa, na bila hizo blues (muziki wa Wamarekani Weusi) ya kinanda cha mdomo haipo. Ndiyo maana tathmini hii inaipima Marine Band kwa jambo moja kuliko mengine yote: noti zisizokuwemo zinatoka kwa urahisi gani, zinatoka safi kiasi gani, na zitatoka kwa muda gani kabla shaba haijachoka.

Tuanze na kilichomo. Ala yenyewe ina urefu wa sentimita 10 hivi, inaingia kwenye mfuko wa shati. Katikati pana kitana cha mti wa mpea, kipande cha mbao kilichokatwa meno, na nafasi kati ya jino na jino ndiyo chumba cha hewa. Vyumba ni 10. Juu na chini ya kitana yamepigiliwa kwa misumari midogo mabamba mawili ya shaba yenye unene wa milimita 0.9, na kila bamba lina vilimi 10. Kilimi ni utepe mwembamba wa shaba uliobanwa kwa ribiti upande mmoja na kuachwa huru upande mwingine, juu ya upenyo unaolingana nao karibu sawasawa. Bamba la juu lina vilimi vya kupuliza, navyo vimekaa upande wa ndani ya chumba. La chini lina vilimi vya kuvuta, navyo viko nje, utaviona ukifungua kifuniko. Juu ya yote kuna vifuniko viwili vya chuma chembamba, vilivyo wazi nyuma, navyo pia vimepigiliwa misumari. Hamna kitufe, hamna valvu. Vilimi 20, mbao, misumari, basi.

Matthias Hohner alianza kutengeneza vinanda vya mdomo mwaka 1857 huko Trossingen, kusini mwa Ujerumani, na kampuni bado ipo mji huohuo. Modeli hii ilitoka mwaka 1896, ndiyo asili ya namba iliyo kwenye jina lake, na ikapewa jina la bendi ya wanamaji wa Marekani iliyopata sifa chini ya kiongozi wake John Philip Sousa. Soko lililolengwa lilikuwa Marekani tangu mwanzo. Bei ilikuwa ndogo, maduka ya kuagiza kwa posta yaliisambaza hadi vijijini, na hivyo ikafika mikononi mwa vibarua na wakulima Weusi wa kusini, watu ambao piano ilikuwa mbali nao na hata gitaa lilikuwa gharama. Walianza kwa kuigiza garimoshi na mbwa wa kuwinda. Mpigaji DeFord Bailey aliifanya sanaa ya kuigiza garimoshi kuwa kivutio cha kipindi cha redio cha Grand Ole Opry huko Nashville katika miaka ya 1920. Kutoka kwenye milio hiyo ya injini na honi ndipo mtu anaposikia jinsi noti zilivyoanza kupindwa.

Ni ajabu kwamba mpangilio wa noti zake, unaoitwa Richter, ulikusudiwa kazi nyingine kabisa. Uliwekwa kwa ajili ya nyimbo za kienyeji za Ujerumani: ukipuliza popote unapata kodi ya nyumbani, yaani noti tatu zinazolia pamoja kwa raha, C, E na G, ukivuta matundu ya chini unapata kodi ya kwenda na kurudi, D, G, B, D. Mwenye kupiga nyimbo za kanisani au za harusi hukaa kwenye kupuliza. Wapigaji wa blues waligeuza jambo hilo. Wakaifanya kodi ya kuvuta kuwa nyumbani, na hivyo kinanda cha C kikawa cha kupigia katika G. Huu ndio mkao wa pili. Sababu ni ya kimwili kabisa: katika matundu sita ya kwanza ni noti za kuvuta ndizo zinazokubali kupindwa, na kodi ya kuvuta matundu ya 2 hadi 5 inatoa G, B, D na F, kodi yenye ile saba iliyoshushwa (F, noti ya saba ukihesabu kutoka G) ambayo blues inaishi nayo. Tundu la 2 la kuvuta ndilo nyumbani. Mtu asiyeweza kulipiga vizuri hana pa kutua.

Kwa nini noti inapindika? Wasomaji wa Zanzibar na Mombasa wanaijua kodiani ya taarabu, na kodiani ni ndugu wa damu wa kinanda cha mdomo: hewa inapita kwenye kilimi cha chuma, kilimi kinatetema, sauti inatoka. Ila kwenye kodiani vilimi hufunikwa kwa vipande vyembamba vya ngozi ili kimoja kikilia mwenzake asipate hewa. Kwenye Marine Band hakuna ngozi hiyo. Kilimi cha kuvuta na cha kupuliza wanashirikiana chumba kimoja, wazi. Mpigaji anapobadilisha umbo la kinywa, hewa inaacha kukubaliana na kilimi chenye noti ya juu na kuanza kukitikisa kile chenye noti ya chini, na sauti inayosikika ni mapatano ya vilimi viwili. Kanuni ni rahisi: hesabu nusu toni kati ya noti mbili za chumba, toa moja, hizo ndizo noti unazoweza kuzipata kwa kupinda. Tundu la 1 na la 4 ni C na D, kwa hiyo noti moja, D♭. Tundu la 2 ni E na G, noti mbili, F♯ (F iliyopandishwa nusu toni) na F. Tundu la 3 ni G na B, noti tatu. Tundu la 6 ni G na A, noti moja. Tundu la 5 ni E na F, zimekaribiana mno, sauti inashuka kidogo tu na anayelazimisha zaidi anaua kilimi. Kuanzia tundu la 8 kwenda juu mambo yanageuka, noti ya kupuliza ndiyo iliyo juu, kwa hiyo pale unapinda kwa kupuliza: noti moja tundu la 8, moja la 9, mbili la 10. Mpigaji wa blues Jimmy Reed alilipenda sana eneo hilo la juu.

Sasa, Marine Band inafanyaje kazi hiyo? Vizuri sana, na hapa ndipo inapostahili jina lake. Tundu la 4 linapinda karibu lenyewe. Tundu la 3 lina ngazi zake zote, na kati ya B na B♭ kuna ile sauti isiyo na jina, ya tatu ukihesabu kutoka G, ambayo si ya furaha wala ya huzuni, ambayo mwimbaji wa blues huitafuta kwa koo. Mpiga piano hawezi kuipata. Hapa inapatikana kwa milimita chache za ulimi. Watu wengi husema utamu wa sauti unatokana na mbao za mpea. Kwa maoni yangu mbao si jambo kubwa hivyo. Vifuniko vyembamba vilivyo wazi nyuma ndivyo vinavyoifanya sauti iwe ya mbele, yenye ukali kidogo, na mabamba yanayofika hadi ukingo wa ala ndiyo yanayoleta vilimi karibu na midomo.

Anayeanza asianze na tundu la 2 wala la 3. Aanze na la 4. Ashike kinanda chenye namba kwa juu, namba 1 kushoto, akiingize ndani ya midomo, si kukibusu kwa ncha. Noti itoke safi, moja, kwa pumzi ya kawaida ya mtu anayepumua amelala. Kisha, akiwa anavuta, kinywa kitengeneze "iii" na baadaye "uuu", polepole, kana kwamba anatamka irabu hizo kwa pumzi inayoingia. Ulimi unarudi nyuma na kushuka, nafasi mdomoni inakua. Sauti ikizimika kabisa, amebana koo. Isipobadilika, ulimi haujasogea vya kutosha. Pumzi ikipitia puani haitatokea kamwe, kwa hiyo mwanzoni abane pua kwa vidole ajue tofauti. Kosa kubwa la wanaojifunza ni kuvuta kwa nguvu wakidhani nguvu ndiyo inayopinda. Nguvu hupinda kweli, lakini inapinda chuma. Tundu la 4 likishakubali, aende la 1, halafu la 2, na la 3 liwe la mwisho, kwa sababu ugumu wake si kushuka bali ni kusimama kwenye kila ngazi bila kuyumba. Awe na piano au programu ya kupimia noti kwenye simu, aipate B♭ mara 20 mfululizo kabla ya kudai kuwa anayo.

Watu wengi hulilaumu tundu la 2 la kuvuta dukani. Halilii, linakwaruza, linatoa sauti ya mtu aliyekabwa. Mara tisa katika kumi kinanda hakina kosa: mpigaji anavuta kwa nguvu na kinywa chake kimekwisha kujikunja bila yeye kujua, kwa hiyo anapinda noti kabla hata haijaanza. Alegeze taya, avute kama anayepiga mwayo.

Nimesifu, sasa kasoro. Mbao hunywa maji. Mate na unyevu wa hewa vikiingia kwenye kitana, meno yanavimba na kutokeza mbele ya mabamba, na yanakata midomo. Yakikauka yanasinyaa, hewa inapata mwanya kati ya mbao na shaba, na noti za chini zinaanza kudai pumzi nyingi. Kwa mwenye kukaa Dar es Salaam, Tanga au Lamu hili si jambo la nadharia: unyevu wa pwani unakaa ndani ya boksi mwaka mzima. Wapigaji wengi wa zamani walikuwa wakizilowesha kwenye maji makusudi ili mbao zivimbe na kuziba mianya, na kweli sauti ilikuwa kubwa kwa saa chache. Usiige. Kinanda hicho hakirudi tena kilivyokuwa.

Misumari ni kasoro ya pili. Modeli ya kawaida, ile inayouzwa kama Marine Band Classic, bado imepigiliwa. Kuifungua kunahitaji kisu chembamba kilichoingizwa taratibu kati ya kifuniko na bamba, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, na kila unapofungua, tundu la msumari linapanuka. Ukifungua mara tatu misumari haishiki tena. Fundi mwenye subira hutoboa upya na kuweka skrubu ndogo, na akimaliza anapata ala bora kuliko ilivyotoka kiwandani, lakini kazi hiyo ni ya nusu siku.

Hohner wenyewe wamelijibu hilo. Marine Band Deluxe, iliyotoka mwaka 2005, ni mwili uleule ila kitana kimepakwa dawa ya kuzuia maji na kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Crossover, iliyofuata mwaka 2009, ina kitana cha mianzi iliyobanwa pamoja na kupakwa, na haijali mate hata kidogo. Tofauti nyingine kati yao iko kwenye upangaji wa noti, na wachache huizungumza wanaponunua. Marine Band za zamani zilipangwa ili kodi zilie tulivu kabisa, bila mawimbi. Kwa kufanya hivyo noti ya tatu ukihesabu kutoka mwanzo wa kodi (B kwenye kodi ya G) hushushwa karibu senti 14 chini ya piano (senti 100 ni nusu toni moja), na ile saba, F kwenye tundu la 5 la kuvuta, hushushwa karibu senti 31. Kodi inasikika kama sauti moja nene. Lakini ukiipiga F hiyo peke yake juu ya gitaa, inasikika imelala. Marine Band za leo zimepangwa kwa maridhiano: kodi bado ni nzuri, na F haikushushwa kiasi kile. Crossover imesogezwa zaidi kuelekea piano. Anayepiga kwa mtindo wa mpigaji wa blues Sonny Terry, kodi na midundo na kelele za mdomoni, abaki na Classic au Deluxe. Anayepiga sauti mojamoja akiwa na bendi yenye piano ya umeme, Crossover itampa amani.

Na kuna Special 20, kutoka kiwanda hichohicho, yenye kitana cha plastiki. Mabamba yamezama ndani ya plastiki kwa hiyo midomo haigusi shaba, hakuna kuvimba, na unaweza kuisuuza kwa maji ya uvuguvugu. Sauti yake ni ya duara zaidi, na ule ukali wa mbele wa Marine Band haupo. Kwa mtu wa kwanza kabisa kujifunza, aliye pwani, nasema bila kusita anunue Special 20. Kwa anayetaka sauti anayoisikia kwenye rekodi za Chicago za miaka ya 1950, anunue Deluxe. Classic ya misumari namwachia anayependa kufungua vitu na kuvirekebisha, kwa kuwa akiitendea haki inampa thamani kubwa kwa bei ndogo.

Ufunguo gani? C ni wa kujifunzia, masomo mengi yametumia C na noti zake si za juu mno wala za chini mno. Lakini kwenye blues utacheza na mpiga gitaa, na wapiga gitaa wanapenda E na A kwa sababu ya nyuzi zilizo wazi. Kwa mkao wa pili, taja ufunguo wa wimbo na uhesabu noti nne kwenda juu, ukianzia na huohuo: wimbo wa E unataka kinanda cha A (E, F, G, A), wa A unataka D, wa G unataka C, wa D unataka G, wa C unataka F. Kwa hiyo vitatu vya kwanza viwe C, A na D. Kuna tofauti ya kimwili pia. Kinanda cha G ndicho cha chini kati ya vile vya kawaida, vilimi vyake ni virefu na vizito kuanza, vinataka kinywa kikubwa ndani. Cha F ni kikali na matundu ya juu yanapinda kwa shida. A iko katikati ya utamu. Mpigaji wa blues Little Walter alipiga "Juke" katika E kwa kinanda cha A, mwezi Mei 1952 huko Chicago, na kipande hicho kisicho na maneno kikashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya R&B ya Billboard kwa wiki 8. Mwenye kinanda cha A anaweza kukaa nacho na kufuata noti kwa noti.

Mwendo wa blues ya kawaida ni vipande 12 vya mapigo manne manne. Kwa kinanda cha C, wimbo ukiwa G: vipande vinne G, viwili C, viwili G, kimoja D, kimoja C, kimoja G, na cha mwisho D ya kurudisha mwanzo. Pa kukaa ni tundu la 2 la kuvuta wakati wa G, la 4 au la 1 la kupuliza wakati wa C, na la 4 au la 1 la kuvuta wakati wa D. Ukipita kwa mpangilio, vuta 2, vuta 3 iliyopindwa, puliza 4, vuta 4 iliyopindwa, vuta 4 wazi, vuta 5, puliza 6, umepiga G, B♭, C, D♭, D, F na G, ngazi nzima ya blues. Noti mbili kati ya hizo saba hazimo kwenye shaba. Wakati wa C, jihadhari na tundu la 3 la kuvuta likiwa wazi: B inagombana na kodi ya C, na hapo ndipo wanaoanza hujisikia wamekosea bila kujua wapi. Ipinde hadi B♭, ugomvi unaisha.

Dukani, kabla ya kulipa, puliza na uvute kila tundu, jumla mara 20, kwa pumzi ndogo kabisa. Maduka mengi ya ala yana mfuko wa hewa wa kujaribia ili midomo isiguse. Kilimi kisichoanza kwa pumzi ndogo kimekaa vibaya. Bana mabamba kwa vidole pande zote mbili huku ukipiga. Sauti ikinenepa ghafla, kuna hewa inayovuja kati ya kitana na bamba. Tazama pia maandishi yanayosema kimetengenezwa Ujerumani kwenye kifuniko na kwenye boksi. Hohner wana vinanda vya bei ya chini vinavyotengenezwa China, vyenye maboksi ya rangi za kuvutia, na si vibaya kwa mtoto, lakini tundu la 3 la vinanda hivyo halitoi ngazi zake zote.

Siku za kwanza usikipige kwa nguvu. Dakika 15 za noti ndefu na laini kila siku, kwa wiki moja, zinatosha kukizoesha. Kabla ya kupiga, sukutua: sukari ya chai na chembe za chakula huingia kati ya kilimi na upenyo wake, na nafasi hapo ni nyembamba kuliko unywele. Ukimaliza, geuza matundu yatazame chini na ukigonge taratibu kwenye kiganja ili mate yatoke, kiache nje dakika chache kabla ya kufunga boksi. Usikiache kwenye gari juani. Cha mbao kitapasuka jino.

Kilimi kikikataa kulia, mara nyingi ni uchafu. Fungua kifuniko, piga kilimi hicho kwa ncha ya kijiti cha meno, kikilia "ting" kiko huru, kisipolia kuna kitu kimekwama, pitisha kipande cha karatasi laini chini yake kutoka kwenye ribiti kuelekea ncha, usirudi kinyume. Jambo la pili ni nafasi kati ya ncha ya kilimi na bamba. Kipimo cha kuanzia ni unene wa ncha ya kilimi chenyewe. Nafasi ikiwa ndogo mno, kilimi kinakwama ukianza kwa nguvu. Ikiwa kubwa mno, kinakunywa pumzi na kuchelewa. Vilimi vya kuvuta viko nje, unavibonyeza chini moja kwa moja. Vya kupuliza viko ndani: ukivisukuma kutoka nje kupitia upenyo unaongeza nafasi, na kuipunguza unaingiza kijiti chembamba kupitia tundu la mbele. Sogeza kidogo, jaribu, sogeza tena.

Kilimi kikishuka sauti, hasa tundu la 4 au la 5 la kuvuta, hiyo ni dalili ya shaba kuchoka. Ufa mdogo unaanza karibu na ribiti, na sauti inashuka kidogo kidogo hadi siku moja inakatika. Sababu ni pumzi kali, haswa kupinda kwa nguvu tundu la 5. Ikiwa imeshuka kidogo tu bila ufa, inarekebishika: kukwangua chuma kwenye ncha kunapandisha noti, kukwangua karibu na ribiti kunaishusha. Weka kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya kilimi kikiegemee, tumia msasa laini, viboko viwili vitatu, pima, acha shaba ipoe, pima tena. Wanaokwangua viboko 20 kwa mpigo huishia na kinanda cha ufunguo usiokuwepo. Kwa Deluxe na Crossover unaweza kununua mabamba mapya na kuyafunga kwa skrubu zilezile, kitana na vifuniko vikabaki. Kwa Classic, hesabu muda wako, pengine kununua kipya ni nafuu.

Lililobaki ni sauti ya umeme, kwa maana Chicago haikukipiga kinanda hiki mbele ya maikrofoni kwenye stendi. Walishika maikrofoni kubwa ya mviringo ndani ya viganja pamoja na kinanda, wakaziba kila mwanya, na kuipeleka kwenye amplifaya ndogo ya valvu za kioo iliyokuwa ikizidiwa. Shure 520DX ni mojawapo ya maikrofoni za aina hiyo. Astatic JT-30 za zamani zinasifiwa, lakini zilizo na kiini cha fuwele ya chumvi huharibiwa na joto na unyevu, na kwa pwani yetu sizipendekezi hata zikiwa za bei ya kutupa. Amplifaya iwe ndogo, wati 5 hadi 15, sauti za juu zipunguzwe karibu nusu, besi iongezwe. Ikipiga yowe, usikimbilie kushusha sauti yote: kwanza punguza sauti za juu, kisha sogea usisimame mbele ya spika, kisha angalia viganja, kwa kuwa mwanya mdogo kati ya kidole gumba na maikrofoni ndio unaobadilisha mlio kutoka ule mnene hadi ule wa kuchoma masikio. Na pumzi ibaki ileile ya mtu aliyelala.